Daftari langu la jua: walichosema na kilichotokea

Kitu cha kwanza nnachofungua asubuhi si meseji wala matokeo ya mpira, nafungua utabiri wa jua. Sio ule wa mvua na joto, namaanisha jua lenyewe, kwamba leo lina madoa mangapi, usiku lililipuka au lililala, upepo wake unakuja kwa kasi gani, na uga sumaku wa dunia utatulia ama utatikisika. Nikiwaambia watu wanadhani natania. Kuna mmoja aliniuliza "kwani jua linatabiriwa? si linachomoza tu?" nikacheka, lakini swali lake si la kijinga, maana mimi mwenyewe miaka mingi nilikua naamini hivohivo.

Ilianzaje sasa. Mimi ni mtu wa redio za masafa mafupi, napenda kukaa na kitufe nazungusha taratibu natafuta stesheni za mbali, bora liende. Mchana mmoja nimenasa stesheni ya mbali kabisa inaingia safi kama ipo mtaa wa pili, ghafla kimya. Haikukwaruza wala kufifia, ilikatika kama mtu kazima swichi. Nikahamia mita 31 hamna kitu, mita 25 hamna, mita 19 hamna, ule mvumo tu shhhhh. Nikabadilisha betri. Nikapanda juu ya paa na jua lote lile kukagua waya wa antena, nikaukaza mahali ambapo hata haukulegea. Nikashuka nimechafuka nimekata tamaa, nikaiacha redio imewashwa, na kama baada ya saa moja hivi stesheni zikaanza kurudi zenyewe moja moja, zikitangulia zile za mita 13 na 16, zile za masafa ya chini, zenye mita nyingi, zikachelewa sana. Nikabaki nashangaa tu.

Usiku nikaingia mtandaoni kuuliza, nikajibiwa kwa mstari mmoja: "angalia grafu ya eksirei". Nikaangalia. Kumbe saa ileile redio yangu ilipokufa jua lilikua limelipuka. Yaani mimi niko juu ya paa nalaumu waya wakati mwenye kosa yuko juu yangu kabisa ananichoma kichwa, kilomita milioni 150 kutoka kwenye antena yangu. Kilichotokea ni kwamba miale ya eksirei ilifika kwenye tabaka la chini la ionosfia, lile anga la juu linalodundisha mawimbi ya redio, tabaka wanaloliita D, kilomita kama 60 mpaka 90 juu yetu, ikalijaza elektroni, na tabaka la D likijaa hivo linameza mawimbi mafupi badala ya kuyaacha yapite yakadunde juu na kurudi. Masafa ya chini yanamezwa zaidi na yanachelewa kurudi, ndo maana mita 13 ikatangulia. Na inatokea upande wa dunia wenye mchana tu, wenye usiku hata habari hawana.

Nikaanza daftari kesho yake. Safu mbili tu: kushoto walichosema, kulia kilichotokea.

Sasa hao "walichosema" ni akina nani. Wapo wengi, Uingereza Met Office wana kituo chao, Ubelgiji wapo, Australia wapo, lakini mimi nilianza na wa Marekani, kituo cha NOAA, shirika lao la bahari na anga, kilichoko Boulder, Colorado, na nimewazoea lugha yao. Kila siku mara mbili, saa sita na nusu usiku na saa sita na nusu mchana kwa saa za UTC, wanatoa utabiri wa siku tatu. Na hapo usitegemee picha za kupendeza wala mtu amevaa suti anaonyesha ramani, ni maandishi makavu na jedwali la namba, kama risiti. Mi napenda hivo. Siku tatu kwenda upande, masaa ya siku yamekatwa vipande nane vya masaa matatu matatu kushuka chini, na kila kiboksi kina namba moja ya Kp.

Hii Kp ndo moyo wa mambo kwahiyo ngoja nikae hapa kidogo. Ni kipimo cha uga sumaku wa dunia umetikisika kiasi gani ndani ya masaa matatu, kuanzia 0 mpaka 9. Aliyeiasisi ni Mjerumani anaitwa Julius Bartels mwaka 1949, na mpaka leo hesabu rasmi zinafanywa na kituo cha GFZ kule Potsdam, wanachukua vipimo vya vituo 13 duniani na kutoa namba moja. Wenyewe wana kumbukumbu kuanzia 1932, hebu fikiria, kila masaa matatu tangu 1932, vita vikuu vya pili vimepita na namba zipo. Chini ya 3 ni utulivu, 3 imechangamka kidogo, 4 imechangamka kweli, 5 ndo dhoruba inaanza na hapo wanaipa daraja la G1, 6 ni G2, 7 ni G3, 8 ni G4, halafu 9 ni G5, mwisho wa ngazi.

Kosa langu la mwanzo, na nimeona wengi wanalirudia, nilikua nachukua zile Kp nane za siku najumlisha nagawa kwa nane naandika kwenye daftari wastani wa siku. Siku moja mzee mmoja wa redio akaniambia kijana umeharibu daftari lote. Kwa nini? Kwasababu Kp haipandi kwa hatua sawa. Kutoka 2 kwenda 3 ni kitu kidogo, kutoka 8 kwenda 9 ni kitu kikubwa mno. Ndo maana kuna kipimo kingine kinaitwa ap kwa herufi ndogo, kinaibadilisha kila Kp iwe namba ya kawaida inayojumlishika: Kp 2 ni 7, Kp 3 ni 15, Kp 4 ni 27, Kp 5 ni 48, Kp 7 ni 132, Kp 9 ni 400. Umeona mruko huo? Wastani wa ap nane ndo unaitwa Ap ya siku, hiyo sasa unaweza kuilinganisha na siku nyingine bila aibu. Kurasa kama arobaini nilizipiga mstari nikaanza upya. Sijazichana, zipo, huwa nazipitia nikitaka kujicheka.

Chini ya jedwali la Kp kuna asilimia. Asilimia za redio kukatika, asilimia za mvua ya protoni. Na hapa ndo watu wanawaona watabiri kama wanababaisha, eti "mlipuko wa kati asilimia 55", si useme tu utatokea au hautatokea! Mi nilikua nasema hivohivo. Lakini fikiria mwendo wa vitu vyenyewe. Jua linarusha vitu vitatu kwa mwendo mitatu tofauti. Mwanga na eksirei zinafika kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi, na hakuna kitu kinachokimbia kuliko mwanga kuja kukuonya, ukiuona mlipuko basi ushakupiga tayari, stori imeisha. Protoni zenye nguvu zinafika baada ya dakika kadhaa mpaka masaa. Halafu lile wingu la plazma lenyewe, yaani gesi ya moto yenye chaji ya umeme, ambalo wenye fani wanaliita CME, hilo linatembea siku moja mpaka tatu au nne. Kwahiyo mlipuko unatabiriwa kwa kuangalia madoa yalivyokaa tu, kama unavyoangalia watu wawili wamekunjiana ngumi, unaweza kusema uwezekano wa ugomvi ni mkubwa, lakini ngumi itarushwa saa ngapi hiyo nani anajua.

Na madoa wanayasoma kweli. Doa la jua ni sehemu ambayo uga sumaku umebana mpaka joto linashindwa kupanda vizuri, kwahiyo pamepoa ukilinganisha na pembeni, panaonekana peusi. Kundi la madoa likiwa na sumaku iliyopangika vizuri, kaskazini huku na kusini kule, mara nyingi linapita kimya hata liwe kubwa. Tatizo likichanganyika, kaskazini na kusini zimebanana ndani ya kivuli kimoja, hiyo wanaiita delta. Ukisoma kwenye maelezo ya mtabiri neno delta, asubuhi hiyo usipange kusikiliza stesheni ya mbali kwa roho nyeupe.

Kuna na ile namba ya madoa ambayo kila mtu anaiandika. Inachekesha kidogo. Mswisi Rudolf Wolf aliyeianzisha karne ya 19 alisema kila kundi lihesabiwe 10 halafu ongeza idadi ya madoa yenyewe. Kwahiyo jua likiwa na kidoa kimoja peke yake, namba ya siku si 1, ni 11. Kundi moja doa moja, kumi na moja. Mara ya kwanza nilihesabu picha mara tatu nikidhani macho yangu yana shida.

Mi naamini zaidi ile ya redio, mnunurisho wa sentimita 10.7, yaani nguvu ya mawimbi ya redio ya urefu huo yanayotoka juani. Huyu ni Arthur Covington wa Kanada, baada ya vita akachukua vifaa vya rada akavielekeza juani, na kuanzia 1947 wanapima kila siku. Sasa ivi wanapimia Penticton, British Columbia. Uzuri wake hauhitaji jicho la mtu wala anga safi, mawingu yakiwepo yasiwepo namba inatoka. Jua likilala kabisa inakua karibu 65 au 70, likichachamaa inapita 200. Watu wa redio tunaiangalia kama mkulima anavyoangalia wingu, ikipanda na kukaa juu kwa siku kadhaa basi mita 10 inafunguka na kwa wati chache tu unaongea na mtu upande wa pili wa dunia.

Lakini vyote hivyo ni utangulizi. Kinachonikalisha macho ni wingu.

Wingu likitoka juani utaliona kwenye picha za SOHO, setilaiti ya tangu Desemba 1995, ina kamera inayoziba jua katikati kwa kisahani ili uone kilichopo pembeni. Wingu likienda kushoto au kulia linaonekana kama puto, halituhusu. Likija kwetu linaonekana kama duara linalokua kuzunguka kisahani kizima, na hapo watabiri wanaanza kazi: wanapima kasi, wanaingiza kwenye modeli, inawaletea saa ya kufika. Na hiyo saa, ndugu zangu, ni ya kukadiria kwelikweli. Kukosea kwa masaa 10 mbele au nyuma ni kawaida kabisa, hakuna anayeshangaa. Kwenye daftari langu safu ya kulia imejaa "limechelewa", "limewahi", "halikuja". Kuna usiku nimekesha na thermosi mpaka alfajiri, nikasinzia, likafika nimelala.

Ila hata likifika kwa wakati bado kuna kitu kimoja, na hiki nilichukua muda mrefu kukielewa kwahiyo naomba univumilie. Wingu lina uga sumaku wake ndani. Ule upande wa kaskazini na kusini wa uga huo wanauita Bz. Bz ikielekea kaskazini, sawa na uga wa dunia pale mbele, wingu linatugonga linapita pembeni, sindano inacheza kidogo basi. Bz ikielekea kusini, kinyume na wa dunia, nyuga mbili zinaungana na nishati ya upepo wa jua inaingia ndani. Yaani wingu linapiga hodi, na Bz ndo inayoamua kama ataitikiwa karibu. Wingu kubwa la kutisha lenye Bz ya kaskazini linaondoka bila kuitikiwa, na kiwingu cha kawaida chenye Bz ya kusini kwa masaa sita mfululizo kinakuletea G3.

Sasa uchungu wenyewe ni kwamba ukiwa hapa duniani huwezi kuijua Bz ya wingu kwa uhakika mpaka likupitie kwenye sensa. Na sensa zipo sehemu moja inaitwa L1, kilomita kama milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea juani. Ipo setilaiti ya ACE tangu 1997, ipo DSCOVR tangu 2015, na Septemba 2025 ikarushwa SWFO-L1 kwenda hapohapo. Milioni 1.5 inasikika mbali, lakini kwa wingu linalokuja kilomita 400 kwa sekunde ni kama saa moja, na likija kwa 800 ni nusu saa. Huo ndo muda wa uhakika walionao wenye gridi za umeme na wenye setilaiti. Siku mbili za modeli na picha na mikutano, halafu jibu lenyewe linakuja nusu saa kabla. Nikisikia mtu anawatukana watabiri kwamba "wamedanganya tena, hamna dhoruba" huwa nataka kumkalisha chini nimwonyeshe hiyo grafu moja tu ya Bz.

Tarehe 10 Mei 2024 nadhani kila mwenye daftari kama langu anaikumbuka alikua wapi. Siku kadhaa kabla kulikua na kundi la madoa namba 3664, upana wake kama dunia 15 zimepangwa mstari, linalipuka na kulipuka tena, na mawingu yakatoka kadhaa yakifuatana, ya nyuma yanakimbia kuliko ya mbele. Boulder wakatoa tahadhari ya G4. Kwa asiyezoea hiyo ni herufi na namba tu, lakini tahadhari ya G4 ilikua haijatolewa tangu Januari 2005! Nikaandika kushoto "G4??" na alama mbili za kuuliza, sikuamini. Jioni ya UTC mawingu yakafika, Bz ikaporomoka kusini mpaka karibu -50, mimi nilizoea kuona -10 nikishtuka. Usiku ikafika G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Aurora, ile mianga ya rangi angani usiku, zikaonekana sehemu ambazo watu hawajawahi kuziona maisha yao yote, matrekta ya Marekani yanayojiendesha kwa GPS yakapoteza mistari katikati ya msimu wa kupanda. Mi mawimbi mafupi yangu yalikua kama yamefunikwa blanketi. Nilikua na furaha isiyoelezeka na sikusikia stesheni hata moja.

Lakini usije ukachukulia kwamba mlipuko mkubwa ndo dhoruba kubwa. Tarehe 4 Novemba 2003 kulitokea mlipuko ambao ulishibisha sensa za setilaiti zikashindwa kuendelea kupima, baadae wakaukadiria X28. Ngazi ya milipuko inakwenda A, B, C, M, X na kila herufi ni mara kumi ya iliyotangulia, kwahiyo X28 ni jambo la kuogopesha. Dunia ilipata nini? Kidogo tu upande wa sumaku, maana doa lilikua limeshafika ukingoni mwa jua na wingu likaenda upande mwingine. Kinyume chake, Februari 2022 kulikua na kidhoruba cha kawaida, kwenye daftari langu hata sikukipigia mstari, G1. Kikapasha joto anga la juu likatanuka kidogo, na setilaiti 49 za Starlink zilikua zimetoka kurushwa bado ziko chini sana, zikakutana na hewa nzito kuliko ilivyotarajiwa, karibu 40 zikaanguka. Kwa G1! Tangu siku hiyo kila G1 naipa heshima yake.

Siku nyingi lakini hazina mawingu wala milipuko, na hapo ndo mtabiri mzuri na mbaya wanapofanana, nitasema kwanini. Kuna matundu ya korona, yaani ya anga la nje la jua, sehemu ambazo uga umefunguka na upepo unatoka kwa kasi, kilomita 600, 700 kwa sekunde. Tundu linakaa miezi. Jua likionekana kutoka hapa linajizungusha kwa siku kama 27, kwahiyo tundu lililotutikisa leo litarudi kututazama baada ya siku 27. Mimi napanga kurasa za daftari kwa safu za siku 27, mstari chini ya mstari, na ukiangalia kutoka juu kwenda chini unaona zile siku za Kp 4 na 5 zimepangana kama vifungo vya shati. Bartels mwenyewe alikua anapanga hivohivo, sikulijua hilo nilipoanza, nilijiona mgunduzi kwa wiki nzima. Boulder nao kila Jumatatu wanatoa mtazamo wa siku 27, na ukiusoma utagundua sehemu kubwa ni "kilichotokea mzunguko uliopita kitatokea tena".

Na kwa kesho? Kwa kesho kuna njia ya kivivu kuliko zote: sema kesho itakua kama leo. Basi. Niliifanyia majaribio, nikaongeza safu ya tatu ya penseli, kila siku naandika tu Kp ya leo kama utabiri wa kesho bila kuangalia chochote. Aisee ile safu ya penseli inanidhalilisha. Jua likitulia inashinda hata mimi nilivyosoma picha zote na maelezo yote. Wataalamu wenyewe wanaitumia kama kipimo, modeli yako isipoishinda "kesho kama leo" hujafanya kitu. Inaanguka siku moja tu, ile siku ya mabadiliko, na hiyo siku moja ndo inayozima umeme. Kama Machi 13, 1989 kule Québec, mtandao mzima wa umeme ulianguka ndani ya sekunde kama 90, watu milioni 6 gizani kwa masaa kama 9. Safu ya penseli siku hiyo ingeandika kinyume kabisa. Watabiri wanalipwa kwa ajili ya hizo siku chache, siku nyingine zote wanalipwa ili wawe macho.

Na msimu pia una mkono wake, Machi na Septemba uga unatikisika kirahisi zaidi kuliko Juni na Desemba kwasababu ya jinsi mhimili wetu unavyokaa na uga wa jua. Nimeliona kwenye daftari kabla sijalisoma popote.

Hata wanaotabiri kwa miaka wanapigwa. Mzunguko huu wa 25 wa madoa, si ule wa siku 27 bali ule wa kama miaka 11 wa jua kuchachamaa na kulala, jopo la wataalamu walisema utakua dhaifu, kilele cha madoa 115 mwezi Julai 2025. Kikaja Oktoba 2024 kwa karibu 161. Mi nilifurahi maana mita 10 imekua ya moto.

Kitu kimoja kinaniudhi, niseme tu nikitoe moyoni. Ile meseji inayozunguka kila mwaka, eti usiku wa leo miale hatari kutoka anga za juu itapita karibu na dunia zimeni simu msilale nazo, tuma kwa unaowapenda. Nimetumiwa na watu wanne kwa siku moja kwasababu wanajua napenda "mambo ya jua". Hamna! Dhoruba ya sumaku haikai ndani ya simu yako kitandani, inakaa kwenye vitu virefu, nyaya za umeme za mamia ya kilomita, mabomba, na kwenye setilaiti, na ionosfia inayopitisha GPS. Ukitaka kujua kama kuna kitu kweli angalia maneno wanayotumia, maana yana ngazi: kuna tahadhari, hiyo inatoka siku moja au zaidi kabla, maana yake wingu limeonekana linaweza kuja. Kuna onyo, maana yake sensa za L1 zimeona kitu na kinaingia muda si mrefu. Na kuna taarifa, maana yake kizingiti kimeshavukwa, ipo tayari. Magazeti yanachukua tahadhari yanaiandika kama taarifa, kesho yake Bz inaenda kaskazini, halafu lawama kwa watabiri.

Na tena, Kp yenyewe si kila kitu. Vile vituo 13 karibu vyote viko latitudo za kati na juu. Ukanda wa ikweta ya sumaku una mambo yake, jua likizama ionosfia ya pale inapasukapasuka yenyewe na GPS inayumba hata siku ambayo Kp ni 1 na jedwali lote ni la kijani. Hilo nalo lina watabiri wake na daftari lake, sijaanza, nikianza sitalala kabisa.

Usiku huu jedwali linasema 2, 2, 1, 2, 3, 3, 2, 2. Kuna tundu la korona linakaribia katikati ya jua, mzunguko uliopita lilitupa 5 mara mbili, watabiri wameandika 4 ya keshokutwa, mi kwenye safu yangu nimeandika 5. Penseli imeandika 2. Naenda kulala, redio nimeiacha mita 25, safu ya kulia ipo wazi.